Jikaze

Dada yangu ndiye aliyelipa. Alikuwa anatimiza miaka 40, ana miaka mingi anafanya kazi ya uuguzi Minneapolis, na badala ya sherehe akaamua twende San Juan, Puerto Rico, tupande meli ya kitalii, tuzunguke visiwa vya Karibi kwa wiki moja. Mimi nilikuwa mwanafunzi, mfukoni sina kitu, kwa hiyo nilikubali kila alichochagua, pamoja na matembezi ya siku ya nne: kuteremka korongo la mto kwa kamba, kisiwani Dominica. Tangazo lilisema yanafaa kwa wanaoanza. Nikatia saini fomu ya kurasa mbili, ya pili bila kuisoma. Anayelipiwa huona haya kusema hapana.

Niseme mapema kwamba mwoga alikuwa mimi. Watu wakisikia umezaliwa Tanga wanadhani ulianza kuogelea kabla ya kutembea. Mimi huko Raskazone nilikuwa nakaa mchangani, nalinda nguo za wenzangu. Na urefu siuwezi kabisa. Hata ghorofa ya tatu nikichungulia chini, magoti hulegea.

Asubuhi meli ikatia nanga Roseau, tukapakiwa kwenye basi dogo, tukapanda milima kwa kona ambazo dereva alizikata akiwa anapiga soga. Dominica haifanani na picha za Karibi zilizomo kwenye vipeperushi. Ni milima ya volkano, msitu mnene, mvua na mito. Juu ya kijiji cha Laudat ndipo penye korongo la Titou, ufa mwembamba uliobaki pale lava ilipopoa na kupasuka, ndani ya hifadhi ya Morne Trois Pitons ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1997. Huko ndiko tulikovishwa suti za mpira, kofia ngumu na mikanda ya kiunoni na mapajani. Tulikuwa watu wanane, Waafrika tukiwa wawili tu. Hilo la mwisho nitalirudia.

Kabla ya kuingia mtoni tulifundishwa kwenye ukuta mfupi. Mwili ulioshikwa na hofu una ushauri mmoja tu: kumbatia mwamba. Ni ushauri mbaya sana. Ukijivuta kwenye mwamba, nyayo zinakosa mkazo, unateleza na kugonga magoti. Kamba inataka kinyume chake. Inataka ulale nyuma, utanue miguu, nyayo zikanyage jiwe bapa, na mkono mmoja ubaki kando ya nyonga ukiwa umeshika kamba inayotoka kwenye kipande cha chuma chenye umbo la nane. Ukikaza mkono, unasimama. Ukilegeza kidogo, unashuka. Na aliye chini akiivuta kamba ikakaza, unasimama hata kama umeachia mikono yote miwili. Mwongozaji wetu, kijana wa huko huko milimani, alituonyesha hilo kwa kuachia kweli, akaning'inia akitutazama kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake barazani.

Kwenye maporomoko ya kwanza niliganda ukingoni. Yule kijana hakuniambia nisiogope. Aliniuliza kama nataka muda. Halafu akanieleza, polepole, kitakachotokea: mguu wa kushoto utateleza kwenye ukoka wa kijani, nisishtuke, mwenzake yuko chini ameshika kamba. Mguu wa kushoto uliteleza. Sikushtuka sana. Nilipofika chini, maji baridi yakinipiga kifuani, nilipiga ukelele ambao sikujua ninao.

Kuna jambo kuhusu mchezo huu ambalo sikulijua nilipotia saini. Kamba hupitishwa maradufu kwenye pete ya chuma iliyofungwa mwambani, na mtu wa mwisho akishafika chini, huvutwa upande mmoja ikaja yote. Nilitazama ncha yake ikipita kwenye pete na kudondoka majini. Kuanzia hapo hakuna kurudi. Kuta ziko pande zote, njia ni kufuata maji tu. Ridhaa yote niliyokuwa nayo niliitoa juu, kabla sijajua naridhia nini. Huku chini kilichobaki ni namna ya kwenda, si kwenda au kutokwenda.

Ndiyo maana lile dimbwi la kuruka lilikuwa na uzito. Pale uchaguzi ulirudi. Mwongozaji alitangulia kuzama na kupima kina, ingawa hupita hapo mara kwa mara. Alisema tangu kimbunga Maria cha mwaka 2017 haliamini dimbwi kwa kumbukumbu; mafuriko husogeza mawe na magogo. Kisha akasema wazi: anayetaka ataruka, asiyetaka atateremshwa kwa kamba pembeni, na hakuna tofauti.

Nikaruka. Mimi! Nikaibuka nikiwa mtu mwingine, au nikidhani hivyo. Kisha zamu ya dada ikafika. Alisimama, akachungulia, akarudi hatua moja. Nikamwona anageuza shingo kuitafuta ile kamba ya pembeni.

Nikamwita kutoka majini, kwa Kiswahili, "Dada, jikaze! Usitutie aibu, tuko wawili tu hapa!"

Hakuna mwingine aliyeelewa. Nafikiri mwongozaji alidhani namtia moyo, maana alitabasamu. Wale sita wengine wakaanza kupiga makofi kufuatisha sauti yangu. Dada alinitazama kidogo, kisha akaruka vibaya, mikono ameitanua kama mtu anayetafuta pa kushika, na maji yakaupiga mkono wa kulia ukaenda nyuma.

Bega halikuvunjika. Lakini kazi yake ni kugeuza wagonjwa vitandani, kuwainua na kuwakalisha, na analipwa kwa saa. Alikosa zamu za wiki tatu. Hakunilaumu. Usiku ule, meza ya chakula nzima ilimpongeza kwa ujasiri wake, na yeye akashukuru huku akikata nyama kwa mkono wa kushoto.

Nimelifikiria sana neno lile, jikaze. Ni kitenzi cha ajabu. Lile -ji- linasema kazi hii ni yako juu yako mwenyewe, hakuna awezaye kukufanyia. Na bado ni neno tunalolitumia zaidi kuwaamuru wengine. Dada ndiye aliyenifundisha. Nilipokuwa mtoto, nikipelekwa zahanati kuchomwa sindano za malaria, alininong'oneza "jikaze" huku amenishika mkono, na ningeweza kuuminya huo mkono nilivyotaka. Mimi nililipiga neno hilo kwa sauti kutoka mbali, nikiwa upande ambao tayari ni salama.

Aristotle, katika kitabu cha tatu cha Maadili kwa Nikomako, anawapanga watu wanaofanana na mashujaa bila kuwa mashujaa hasa. Wa karibu kabisa na ushujaa wa kweli, anasema, ni raia anayesimama imara vitani kwa kuwa anaona aibu kukimbia. Chini yake ni yule anayesukumwa na makamanda. Nimeurudia ukurasa huo mara nyingi tangu Dominica. Huenda ni sahihi kuhusu anayeona aibu. Ila hapo hanisaidii kumwelewa anayeitengeneza hiyo aibu, akiwa ameelea majini, anacheka.

Najua jibu ambalo wengi watanipa: watu wengine huhitaji kusukumwa kidogo, na baadaye hushukuru. Ni kweli, nimewasikia. Lakini wanaoshukuru ndio wanaosimulia. Waliosukumwa wakaumia, au wakafika chini salama na kugundua hawakutaka kuwa pale, hao hunyamaza kama dada yangu alivyonyamaza mezani. Na mimi sikusukumwa na yule kijana. Aliniambia mguu utafanya nini, akaacha uamuzi kwangu. Nilipopata nafasi ya kumpa dada kitu, sikumpa habari yoyote ya lile dimbwi, wala kwamba maji yanauma ukitanua mikono, jambo nililokuwa nimelijua dakika mbili tu. Nilimpa watazamaji. Na juu yake nikamtwika bara zima, eti tuko wawili tu.

Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Nilikulia nikiisikia kama kejeli kwa shujaa. Sasa naisikia zaidi kile kicheko, kwamba nyumbani kwa mwoga wanacheka kwa furaha, mtu wao amerudi na mabega yote mawili.

Mwezi uliopita, karibu miaka miwili baadaye, nilimwomba radhi kwa simu. Nikamuuliza kama angeruka nisingepiga kelele. Akakaa kimya kidogo.

"Labda ningeruka," akasema. "Ile kamba niliitazama tu, sikuwa nimeamua. Sasa sijui, na sitajua kamwe. Bega lilipona, mdogo wangu. Hilo ndilo linaloniudhi."

Kisha akaniuliza kama nimelipa kodi ya nyumba. Nilikuwa sijalipa.