Mwalimu na Mtoto Asiyesema ya Nyumbani

Je, yampasa mwalimu kumjua mtoto mpaka ndani ndipo amtendee mema? Wengi wetu hujibu ndiyo, tena upesi. Mtoto mkimya huitwa pembeni, akaulizwa habari za baba, za mama, na chakula cha jana, nasi twaona hiyo ndiyo huruma. Mimi sina hakika. Na tutazame watu wawili wa Algiers, wakati Algeria ilipotawaliwa na Wafaransa.

Albert Camus alizaliwa mwaka 1913. Mwaka uliofuata baba yake akafa vitani. Mama yake alisafisha nyumba za watu. Hakujua kusoma, masikio yake yalikuwa mazito, na maneno yake machache. Mwenye amri nyumbani alikuwa bibi. Katika shule ya msingi mtoto alimpata mwalimu Louis Germain, ambaye alimfundisha yeye na wenzake wachache nje ya saa za shule, bila malipo, ili wafanye mtihani wa kusomeshwa bure sekondari. Bibi alitaka mjukuu akatafute mshahara. Mwalimu akaenda nyumbani kumsihi, na mwaka 1924 mtoto akaingia sekondari.

Mwaka 1957 Camus alipewa Tuzo ya Nobel ya fasihi. Tarehe 19 Novemba alimwandikia mwalimu wake barua fupi, akasema kwamba habari ile ilipomfikia alimfikiri kwanza mama yake, na baada ya mama, yeye mwalimu.

Barua hiyo yajulikana sana. Mimi napenda zaidi ile ya Germain ya Aprili 1959. Mzee amwita mtu wa miaka 45 mtoto wake mdogo, kisha amweleza jambo la ajabu: siku zile hakujua shida ya nyumbani kwao. Mtoto alikuwa mchangamfu darasani, amevaa vizuri, wala hakutoa neno. Mwalimu alianza kuhisi kidogo tu mama alipokuja kwa ajili ya mtihani.

Basi upendo ulitangulia, ujuzi ukafuata. Wala Germain halaumu ukimya ule. Aona ni haya ya asili aliyokuwa nayo mtoto yule.

Mtu atasema: na mtoto anayepigwa, au anayelala na njaa, tumwache na ukimya wake? La, hasha. Ukimya wa hofu sio ukimya wa haya, na mwalimu mwenye macho hana budi kuupambanua. Lakini huyu wa haya hahitaji kufunguliwa kwa nguvu. Ahitaji mtu wa haki aliye karibu, ili siku mlango ukifunguka wenyewe, amkute hapo.

Barua ile ina maneno yasiyotupendeza sote kanisani, maana Germain hakutaka dini iingizwe katika shule za serikali. Sababu yake ni ileile: mtoto ana haki ya kutafuta kweli mwenyewe. Tukipingana naye juu ya shule, heshima hiyo kwa mtoto twaweza kuiazima.

Camus alikufa katika ajali ya gari tarehe 4 Januari 1960. Katika mkoba wake palikutwa hati ya riwaya ambayo hakuimaliza, nayo ilichapishwa mwaka 1994. Mwalimu yumo, amepewa jina lingine. Lakini mahali pengine kalamu imeteleza, ikaandika Germain.