Deni la Anayependwa

Wafanyabiashara wana msemo wao kwamba mteja ni mfalme. Ni msemo mzuri wa kubandika ukutani, lakini haumhusu mtu ninayetaka kumzungumzia hapa. Mteja hununua akaenda zake. Kesho akiona duka la pili lina bei nafuu, huhamia huko bila kuaga, wala hapana wa kumlaumu. Yupo mtu wa namna nyingine, anunuaye kwa sababu amependa. Huyu hurudi mwaka hadi mwaka, huwaleta na wenzake, na huzitetea kasoro za kitu kile kama mtu amteteavyo nduguye. Huyo ndiye shabiki. Swali langu ni hili: anayependwa namna hiyo ana deni lolote kwa anayempenda? Au mapenzi ni zawadi, na zawadi haidaiwi?

Mfano nitakaoutumia ni mchezo wa mpira unaochezwa kwenye runinga. Najua wapo watakaocheka, hasa watu wa rika langu, waseme kwamba hayo ni mambo ya watoto. Naomba wavumilie. Uaminifu katika mambo makubwa, kama ndoa na siasa, umezungukwa na kelele nyingi hata kanuni yake haionekani. Katika jambo dogo kanuni hubaki uchi, nasi tukaitazama vizuri.

Kampuni ya Konami ilianzishwa nchini Japani mwaka 1969. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kukodisha na kutengeneza mashine za muziki, zile ambazo mtu hutumbukiza sarafu akachagua wimbo. Baadaye ikaingia katika gemu, na mwaka 1995 ikatoa gemu ya mpira iliyojulikana kule kwao kwa jina la Winning Eleven. Kuanzia mwaka 2001 sehemu nyingine za dunia zikaijua kwa jina la Pro Evolution Soccer, au PES kwa kifupi. Ilipata mpinzani mwenye nguvu, gemu ya FIFA iliyotengenezwa na kampuni ya EA ya Marekani, ambayo ilikuwa na fedha za kununua haki za kutumia majina halisi ya klabu na ligi nyingi. PES haikuwa na haki hizo zote. Ndani yake Chelsea waliitwa London FC, na Liverpool wakaitwa Merseyside Red. Pamoja na hayo watu waliipenda, kwa kuwa mpira wake ulitembea kama mpira.

Sehemu kubwa ya mapenzi hayo ilikuwa hapa kwetu. Nani aliyeishi Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi katika miaka ya 2000 asiyekijua kibanda cha gemu? Chumba kimoja cha mabati au fremu ya duka, runinga mbili tatu, mashine za PlayStation 2, mabenchi, na vijana waliobanana wakisubiri zamu, kila mmoja na sarafu yake ya mechi moja. Mshindi hubaki na pedi, aliyefungwa hunyanyuka. Ukitazama vizuri utaona ni biashara ileile aliyoanza nayo Konami mwaka 1969: mashine ya mtu mmoja, na furaha ya wengi inayolipiwa kwa sarafu. Katika vibanda hivyo Adriano wa Inter Milan aliogopwa kwa mashuti yake kuliko alivyopata kuogopwa Italia, na watoto walimjua Castolo, mchezaji ambaye hakupata kuzaliwa, kwani alibuniwa na kampuni ili akipige katika ile sehemu ya gemu iitwayo Master League, ambamo mtu huchukua timu hafifu akaijenga msimu baada ya msimu.

Sasa tazama jambo ambalo shabiki alifanya na mteja asingelifanya. Majina yale ya bandia yalipomkera, hakurudisha bidhaa dukani. Aliketi akayasahihisha. Ulimwenguni kote walitokea watu waliokesha wakiandika upya majina ya klabu na wachezaji, wakichora jezi na nembo, kisha wakawagawia wenzao bure. Hapakuwa na aliyewaajiri. Kampuni iliuza nyumba isiyo na rangi, na wapangaji wakaipaka kwa gharama yao wenyewe. Wapita njia walipoisifu nyumba, sifa zilimwendea mwenye nyumba.

Mnamo Julai 2021 Konami ilitangaza kwamba jina la PES limefika mwisho. Mahali pake ingekuja eFootball, gemu itakayotolewa bila malipo, na mapato yatokane na vitu vinavyouzwa ndani yake. Ilitoka tarehe 30 Septemba mwaka huo. Timu za kuchezea mechi za kawaida zilikuwa 9 tu. Master League haikuwemo. Sura za wachezaji maarufu zilitoka za kutisha, miili ikapindana, mpira ukawa na mwendo wa ajabu, na katika duka la Steam ikawa miongoni mwa gemu zilizopewa alama mbaya kabisa na wanunuzi. Kesho yake kampuni iliomba radhi. Toleo lililoitwa kamili lilipatikana tarehe 14 Aprili 2022, zaidi ya nusu mwaka baadaye. Master League iliahidiwa kwa mwaka 2023. Mwaka ukapita, nayo haikuja.

Mtaani kwetu yupo bwana mmoja mwenye kibanda, mtu wa makamo sasa, aliyeanza kazi hiyo akiwa kijana. Nilimwuliza kwa nini katika mashine moja bado anaweka PES ya zamani. Akanijibu, "Mzee, hii mpya wameitengeneza vizuri siku hizi, sikatai. Lakini haikutengenezwa kwa ajili yetu." Hakuwa na hasira. Alisema kama mtu aelezaye habari ya mji aliohama.

Haki inataka tumsikilize na mshtakiwa. Kampuni inaweza kujibu hivi: "Tulikuuzia diski, ukatupa fedha, tukaachana salama. Kila mauzo yalijitosheleza. Kama ulikesha ukichora jezi, hatukukutuma. Tena gemu mpya hatukukulazimisha kuinunua, tuliitoa bure. Na mashabiki hatukuwapunguza, tumewaongeza. Mamia ya mamilioni wamejipakulia eFootball, wengi wao kwenye simu, wakiwemo vijana wa huko kwenu ambao hawajapata kumiliki PlayStation." Jibu hilo lina uzito. Tena kampuni ingeweza kuongeza neno linalotuuma: kwamba diski nyingi zilizozunguka katika vibanda vyetu zilikuwa za kunakili, zilizouzwa barabarani, na shilingi yake haikufika Japani. Mtu ambaye hakulipa anadai nini?

Nalianza na hili la mwisho. Ni kweli kwamba asiyelipa hawezi kudai bidhaa. Lakini wengi walilipa kwa miaka 20, nao wakapata yaleyale tuliyoyapata sisi. Kwa hiyo hoja ya diski za kunakili inatunyamazisha sisi peke yetu. Haiwanyamazishi wao, wala haijibu swali.

Hoja ya kwamba kila mauzo yalijitosheleza nayo haisimami, kwa sababu kampuni yenyewe haikuiamini. Haikutoa gemu mpya kila mwaka kwa jina jipya, ikaanza kutafuta wateja upya. Iliweka jina lilelile na kubadilisha namba ya mwaka, kwa kuwa ilijua kwamba mapenzi ya mwaka jana yatanunua bidhaa ya mwaka huu. Yaani mapenzi yale yalihesabiwa na kuingizwa katika mizania kama mali. Huwezi kuyahesabu mapenzi ya mtu kuwa mali yako unapouza, halafu ukayaita mambo yake binafsi anapolalamika. Ukila tunda la mti, usiseme humjui aliyeupanda.

Hoja ya wingi ndiyo ngumu zaidi, maana kwa hesabu kampuni imeshinda. Lakini hesabu hujibu swali la hesabu. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maana yake ni kwamba mgeni hukirimiwa, lakini huja siku akawa mtu wa nyumbani, akafanya kazi na akala kwa haki kama wenyeji. Katika biashara za namna hii jambo limegeuzwa. Mgeni huchinjiwa kuku kila siku ili asiondoke, na yule aliyepewa jembe miaka mingi iliyopita yumo shambani mpaka leo, hapana anayekumbuka kumwita mezani. Anaachwa kwa sababu moja tu: inajulikana kwamba hataondoka. Uaminifu wake, uliopaswa kuwa heshima yake, umekuwa sababu ya kupuuzwa kwake. Hapo ndipo nionapo uovu wenyewe. Kubadilika si dhambi, na kampuni ina haki ya kubadilika. Kosa ni kuutumia uaminifu wa mtu dhidi yake.

Kuna ubaya unaozidi huo. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa gemu ya mbio za magari iitwayo The Crew mwaka 2014. Gemu hiyo haikuweza kuwaka bila kuunganishwa na mitambo ya kampuni kwa njia ya intaneti. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo ilizimwa, na watu waliokuwa wameinunua kwa fedha zao wakabaki na diski isiyo na kazi. Tangu hapo kumekuwa na harakati. Huko California sheria iliyotiwa saini mwaka 2024 inamtaka muuzaji wa vitu vya kidijitali aseme wazi kwamba mnunuzi anapewa ruhusa ya kutumia tu, wala hapewi umiliki. Ulaya nako, ombi la raia la kutaka kampuni zisiue gemu zilizokwisha kuuzwa lilivuka sahihi milioni 1 mwezi Julai 2025. Watu milioni hawakusumbuka kwa ajili ya kichezeo. Walisumbuka kwa kuwa walitambua kwamba kitu walichodhani wamenunua walikuwa wameazimwa, na mwazimaji hakusema.

Basi anayependwa anadaiwa nini? Nionavyo mimi, si utii. Shabiki hawi mwenye mali kwa kupenda kwake, na wale wanaowatukana na kuwatisha mafundi wa gemu kwa kuwa hawakupata walichotaka wamevuka mpaka. Mapenzi hayampi mtu haki ya kumdhalilisha mwenzake. Hali kadhalika hadaiwi kubaki vilevile milele. Anadaiwa mambo matatu, na yote yanawezekana.

La kwanza ni kweli. Kama kitu hakijaiva, aseme hakijaiva, asikipakue akamlisha yule ambaye atakula chochote atakachoandaliwa. La pili ni kuaga. Mtu aliyekaa nawe miaka 20 hastahili kujua kwa kukuta mlango umefungwa. La tatu ni kumwachia alichokwisha kupata. Unaweza kujenga nyumba mpya mahali pengine bila kuibomoa ya zamani juu ya vichwa vya waliomo.

Kwa upande wake shabiki naye ana la kujifunza, nalo ni chungu. Kampuni haina moyo. Ndani yake wamo watu wenye mioyo, na hao ndio waliotengeneza kile tulichokipenda. Lakini watu hustaafu na huhama, na jina hubaki ukutani likivaliwa na wengine. Anayedhani jina litamrudishia mapenzi anamsalimu mtu aliyekwisha hama. Ni heri ampende aliyeketi naye benchi moja, anayesubiri zamu kama yeye, maana huyo angalau anaweza kumjua kwa sura na siku moja akamwuliza hali.

Sitaki kuondoka bila kusema lililo jema la kampuni ile. Mwaka 2013, mashine mpya zilipokuwa zimejaa madukani, Konami bado ilitoa PES kwa ajili ya PlayStation 2, mashine ya watu wasioweza kununua nyingine. Sidhani kwamba ilifanya hivyo kwa huruma. Bila shaka ilikuwa biashara. Lakini matokeo yake yalikuwa sawa na ya heshima. Diski ile haimwombi mtu ruhusa. Haihitaji mtambo wa mbali wala idhini ya ofisi yoyote, na palipo na umeme na pedi nzima, inawaka. Kampuni ikibadili jina, ikibadili nia, hata ikisahau kwamba tuliwahi kuwapo, diski bado inawaka. Nadhani deni la anayependwa halizidi hapo: amwachie ampendaye kitu ambacho hata yeye mwenyewe, akija kubadilika, hawezi tena kukichukua.