Jumanne: Kuhani Aikagua Nyumba

Soma Mambo ya Walawi 14:33–48. Mwenye nyumba alipaswa kufanya nini alipoona mabaka ukutani?

Hakuambiwa ayafunike. Alikwenda kumweleza kuhani alichokiona. Vyombo vilitolewa kwanza, visije vikahesabiwa kuwa najisi (Mungu aliijali hata mitungi ya maskini), ndipo kuhani akaingia. Aliangalia rangi, tena kama mabaka yamezama ndani ya ukuta. Kisha nyumba ilifungwa siku saba. Yakiwa yameenea, mawe yenye pigo yaling'olewa na udongo wa kuta ukakwanguliwa. Kubomoa kulikuja mwisho kabisa, pigo liliporudi baada ya matengenezo hayo.

Mkaguzi wa nyumba wa leo anaijua kazi hii. Ukuta wenye unyevu ukipakwa rangi hupendeza kwa muda, kisha rangi hubambuka, kwa kuwa maji bado yanapanda kutoka kwenye msingi au yanavuja kwenye bomba. Yeye hutafuta yanakotoka.

Daudi aliomba achunguzwe hivyo (Zaburi 139:23, 24). Ni doa gani maishani mwako umelipaka rangi mara nyingi, nalo linarudi?