Nani Amekuambia Refa Amekula?

Maandiko: Kutoka 23:1-8, Mithali 18:17, Mathayo 18:15

Kwa wale ambao Jumapili walikuwa kazini, au mvua iliwakamata njiani, hili ndilo neno tulilolisikia. Nimeliandika kwa ufupi, na mahali pengine nimeongeza kidogo kwa sababu pale madhabahuni saa ilinibana.

Tulisoma Kutoka 23. Wengi wetu tunaipita sura hii mbio, maana Amri Kumi zimeshapita na hapa ni mambo ya ng'ombe na punda. Lakini angalieni ilivyopangwa. Mstari wa kwanza Mungu anakataza kusambaza habari ya uongo. Wa pili anakataza kwenda na wengi wanapokwenda kufanya mabaya, hasa kutoa ushahidi uliopinda kwa sababu tu wengi wamesema hivyo. Wa tatu, hata maskini usimpendelee katika kesi yake. Kisha ghafla, mstari wa nne: ukimkuta ng'ombe wa adui yako amepotea, mrudishie mwenyewe. Halafu tunarudi mahakamani tena, na mstari wa nane unasema juu ya rushwa inavyowatia upofu wenye macho. Nikauliza kanisa: huyu ng'ombe ameingiaje katikati ya kesi? Kimya. Tutamfikia.

Sasa, ninyi mnajua kwa nini nilichagua sura hii. Hakuna haja ya kuzunguka.

Sisi wa Keroka mji wetu umekaa juu ya mpaka. Serikali za kaunti mbili, Kisii na Nyamira, zimewahi kuvutana nani atoze ushuru hapa. Lakini ndani ya kanisa hili mama wa Kisii anakaa bega kwa bega na mama wa Nyamira, na hakuna anayejua mpaka unapita chini ya kiti gani. Mpira wa vikapu ndio umetuonyesha unapita wapi.

Vyuo viwili vilicheza, kimoja cha upande wa Kisii na kingine cha upande wa Nyamira. Vijana wetu walikwenda kushangilia, wengine huku wengine kule, na hilo ni jambo zuri, mimi sina shida na mpira. Zilipobaki sekunde chache, chuo cha upande wa Kisii kilikuwa nyuma kwa pointi moja. Kijana wao mmoja, ambaye ni mwana wa kanisa hili, akaingia kwa kasi, akagongana na mlinzi, wote chini, mpira ukaingia kikapuni. Uwanja ukaruka. Kipenga. Refa akapiga ngumi kwenye kiganja: faulu ya mshambuliaji, kikapu hakihesabiki. Mchezo ukaisha hivyo.

Na yule refa pia ni mwana wa kanisa hili. Ndiye anayetupigia kinanda. Kwao ni upande wa Nyamira.

Kabla vijana hawajashuka kwenye matatu, kundi lao la WhatsApp lilikuwa limeshakaa kama mahakama. Nilisoma jumbe zote, maana nami nimo humo, ingawa wao husahau. Wa kwanza aliandika: refa kipofu. Sawa, hiyo kila shabiki husema. Mwingine: ametuharibia mchezo. Hata hiyo tunaweza kuivumilia. Huko mbele kidogo, mtu akaandika neno moja tu: amekula. Hakuna aliyemuuliza, wewe umejuaje? Wakaweka vidole gumba. Baada ya hapo ikawa amekula elfu mbili. Usiku ikawa elfu tano. Asubuhi akapatikana mtu ambaye ati rafiki yake aliona bahasha.

Wapendwa, pale ndipo mpira uliisha na dhambi ikaanza. Kusema "amekosea" ni kusema juu ya jicho la mtu. Kusema "amekula" ni kusema juu ya moyo wake. Jicho la refa uliliona likiangalia. Moyo wake uliuona ukiwa umekaa wapi?

Hebu kwanza tuseme juu ya lile jicho, kwa sababu wengi waliopiga kelele hawajui sheria yenyewe. Si kila mgongano ni faulu ya mlinzi. Mlinzi akiwa ametangulia kusimama mahali pake, amemkabili mwenye mpira, miguu yote miwili imekanyaga chini, na mshambuliaji akamjia kifuani, kosa ni la mshambuliaji. Mlinzi akichelewa, kosa ni lake. Tofauti kati ya hayo mawili ni nusu hatua, na refa anaiamua huku watu kumi wanakimbia mbele yake. Kule Marekani, tangu 2015 ligi ya NBA huchapisha ripoti ya dakika mbili za mwisho za michezo iliyokaribiana, na humo wanakiri wazi: hapa refa wetu alikosea, hapa alipatia. Hao ni kati ya marefa wanaolipwa vizuri zaidi duniani. Ripoti inatoka, na matokeo hayabadiliki. Sasa sisi tunataka kijana wa Keroka asikosee kamwe, na akikosea, lazima awe amelipwa.

Kuna jambo jingine nililosoma, likanishangaza. Mwaka 1951 vyuo viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, vilicheza ule mpira wao wa Kimarekani. Mchezo ulikuwa mbaya: mchezaji nyota wa Princeton akavunjwa pua, na mmoja wa Dartmouth akavunjwa mguu. Baadaye wataalamu wawili wakawakalisha wanafunzi wa kila chuo, wakawaonyesha filamu ya mchezo huohuo na kuwaambia wahesabu makosa. Wanafunzi wa Princeton waliona Dartmouth wakifanya makosa karibu 10 kwa wastani. Wanafunzi wa Dartmouth, filamu ileile, waliona watu wao wamefanya kama 4. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja aliona kwa macho yake kile ambacho moyo wake ulikuwa umekaa tayari kukiona.

Kwa hiyo ukiniambia, "Mchungaji, mimi nilikuwa pale, niliona," nitakuuliza tu: ulikuwa umekaa upande gani?

Na tuseme ukweli hapa. Februari 2021, kule Yaoundé, timu yetu ya taifa iliishinda Angola 74 kwa 73, Tylor Ongwae akafunga sekunde za mwisho kabisa. Kenya ikarudi mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993. Siku ile tulicheza ngoma. Ni nani kati yetu aliyerudia ile video kutafuta kama refa alitupendelea?

Mithali 18:17 inatufundisha kwamba anayetangulia kueleza kesi yake huonekana mwenye haki, mpaka mwenzake afike na kumhoji. Basi mimi nilikwenda. Nilimkuta refa wetu nyumbani, amekaa na mama yake, chai imepoa. Nikamuuliza bila kuficha: mwanangu, kuna pesa ulipewa? Akasema nilipewa posho ya kuchezesha, kama mwenzangu, nikaweka sahihi. Nikamuuliza juu ya ile faulu. Akasema: "Mchungaji, niliona miguu yake imetulia kabla ya kugongwa. Nilikuwa na nusu sekunde. Kama nilikosea, nilikosea."

Nikaenda pia kwa yule mchezaji. Yeye ana uchungu, na ana haki ya kuwa na uchungu, ule ulikuwa mwaka wake wa mwisho chuoni. Nikamuuliza, wewe uliyegongana naye, mlinzi alikuwa amesimama au alikuwa anatembea? Akanyamaza. Kisha akasema, "Mimi nilikuwa naangalia kikapu. Yeye sikumwona." Yaani shahidi aliyekuwa karibu kuliko wote hakuona, na bado naye alikuwa ameweka kidole gumba.

Kuna kitu vijana wengi hawakijui. Kwenye karatasi rasmi ya alama ya mpira wa vikapu kuna mstari umewekwa chini, mahali pa nahodha kutia sahihi kama timu yake ina malalamiko. Mchezo ukiisha, una neno, unatia sahihi pale, mnaandika, wenye mashindano wanaketi na kusikiliza. Siku ile ule mstari ulibaki mtupu. Wenye timu hawakutia sahihi. Ila mashabiki walitia sahihi mia kwenye simu, mahali ambapo mshtakiwa hawezi kujibu. Mathayo 18:15 Bwana alituwekea mstari wetu pia: ndugu yako akikukosea, nenda kwake, ninyi wawili peke yenu. Kutoka hapa kanisani hadi kwa kijana huyo ni shilingi hamsini za boda boda. Hakuna aliyekwenda.

Mtu ataniambia, "Mchungaji, unakuza mambo, huo ni mchezo tu." Mimi ni mtu wa Gusii na ninyi ni watu wa Gusii. Tunajua neno lisilo na shahidi likishaingia kwenye umati linaweza kufika wapi. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wazee wanne waliuawa na umati kwa madai ya uchawi. Hakuna aliyekuwa amethibitisha lolote. Mtu mmoja husema, wa pili hurudia, na akifika wa kumi wa kuuliza hayupo tena. Sisemi WhatsApp ya vijana wetu ni sawa na damu ya Marani, hapana, msinielewe vibaya. Nasema mdomo ni uleule, na anayejizoeza kushtaki bila shahidi kwenye jambo dogo, siku ya jambo kubwa hatajua jinsi ya kusimama peke yake na kusema hapana.

Na hili si dogo kwa kila mtu. Kijana huyu ameomba kazi ya kufundisha mahali fulani. Wiki hii aliulizwa juu ya bahasha. Bahasha ambayo haikuwepo imemtangulia kwenye mahojiano ya kazi.

Lakini sitaki mtu aondoke akisema mchungaji anatetea marefa. Rushwa ipo. Mungu asingeiandika katika mstari wa nane kama haingekuwepo. Katika nchi hii tunajua kitu kidogo kinavyotembea, barabarani, ofisini, na michezoni pia kinaingia. Wapenzi wa Shabana mliokaa miaka 17 mkingoja timu irudi ligi kuu, kutoka 2006 hadi 2023, najua mmeona mengi kwenye viwanja vya ligi ya chini. Ukiwa na ushahidi, usinyamaze: lete jina, lete siku, lete aliyeona kwa macho yake, peleka kwa wanaohusika, na mimi mchungaji wako nitakusindikiza. Ndiyo maana kumshtaki mtu bure ni dhambi mara mbili. Unamwumiza asiye na hatia, na unamficha mla rushwa wa kweli, kwa sababu watu wamezoea kusikia "amekula" kila timu yao ikifungwa, na siku ukisema kweli hakuna atakayegeuka.

Kwa wewe uliyefungwa, nina neno pia. Kwenye Olimpiki ya Munich, 1972, Wamarekani walikuwa mbele 50 kwa 49 dhidi ya Muungano wa Sovieti, zikabaki sekunde tatu. Sekunde hizo zilichezwa mara tatu, kwa amri ya wakubwa wa meza, na mara ya tatu Warusi wakafunga, 51 kwa 50. Wamarekani walikata rufaa, wakashindwa kwa kura tatu dhidi ya mbili. Wale vijana 12 walikataa medali za fedha, na nahodha wao, Kenny Davis, akaandika katika wosia wake kwamba hata mke na watoto wasizipokee kamwe. Huenda walikuwa na haki; watu wengi wanaamini hivyo hadi leo. Lakini kumrithisha mtoto sekunde tatu? Ndugu yangu uliyefungwa kwa pointi moja, unaruhusiwa kusikitika. Daudi alisikitika mbele za Mungu na kulia, na hakuambiwa anyamaze. Ila usiandike wosia.

Sasa yule ng'ombe. Mungu anasema, adui yako, si rafiki yako, ng'ombe wake amepotea na umemwona. Unamrudisha. Hujaambiwa umpende kwanza. Hujaambiwa mkubaliane nani alishinda kesi. Unashika kamba, unatembea mpaka boma lake, unamfunga pale. Naamini Mungu alimweka ng'ombe katikati ya sheria za ushahidi kwa sababu jina la mtu nalo ni mali inayopotea. Mtu akilifungulia zizi, linazurura sokoni Keroka, linafika Nyamira mjini, linafika Kisii, kila mtu analichapa fimbo akipita. Mwenyewe hawezi kulifuata kote huko. Wale waliolifungua ndio wanajua limepitia njia gani.

Kwa hiyo nawaomba vijana jambo moja wiki hii. Ujumbe ule uliandikwa kwenye kundi, basi urudishwe kwenye kundi, wala si kwa kunong'ona pembeni na mimi ofisini. Aliyeandika elfu tano aandike mwenyewe kwamba hakuona pesa. Aliyemsambazia binamu yake aliye Ogembo ampigie binamu. Bado mnaweza kusema ile faulu haikuwa faulu. Juu ya hilo bishaneni mpaka Yesu arudi.

Jumapili kwaya iliimba kwa ngoma tu, na kinanda kilikuwa kimefunikwa kitambaa. Wazee wa kanisa na mimi tumewaalika vijana wote wawili, refa na mchezaji, baada ya maombi ya Jumatano, saa kumi na mbili jioni, kwenye chumba cha nyuma. Wote wawili wamesema watakuja. Nahodha wa kundi la vijana naye aje. Mama mchungaji ameahidi chai, ile ya kunywa.