Ya Tatu Mpe Jembe

Msemaji wa Kiswahili anapofika Ras Al Khor, huko Dubai, hahitaji mkalimani wa jina la mahali. Ras ni rasi, na khor ni hori, yaani mkono wa bahari ulioingia nchi kavu. Hapo ndipo hori ya Dubai inapofikia hifadhi ya mikoko na heroe, ambayo mwaka 2007 iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Ukifuata ukingo wa maji kuelekea baharini, unafika Jaddaf, mahali palipojulikana zamani kwa kuunda na kukarabati majahazi. Leo hapo pana Jameel Arts Centre, jumba la sanaa lililofunguliwa Novemba 2018.

Nilikwenda kutazama sanaa, nikaishia kutazama mimea. Katika jengo hilo, lililobuniwa na Serie Architects, zimo bustani saba zilizosanifiwa na Anouk Vogel, zenye mimea ya majangwa ya sehemu mbalimbali za dunia. Mtu atokapo chumba kimoja cha maonyesho kwenda kingine hukutana na mimea iliyozoea kiu, iliyopewa nafasi yake kama sanamu zinavyopewa. Sikuona cha kulaumu. Ni bustani nzuri, na uzuri wake una unyofu ndani yake, kwa kuwa hazijaribu kumsahaulisha mgeni kwamba yuko jangwani.

Swali lililonifuata nje ni jingine. Bustani ni ya nani? Siulizi kuhusu hati ya umiliki. Nauliza ni nani awezaye kusema “yangu” bila kusema uongo.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1790 kuhusu uwezo wa kuamua, aliiweka sanaa ya bustani chini ya uchoraji. Mchoraji huonyesha vitu vya asili kwa uzuri. Msanifu wa bustani huvipanga vitu vyenyewe kwa uzuri. Kwa mgawanyo huo bustani huwa ni kazi ya macho, na mwenye kazi ni aliyeibuni. Niliisoma hoja hiyo Ujerumani nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu, nikaifundisha miaka mingi bila kuipinga. Lakini picha haina kiu. Mchoraji akishaweka brashi chini, picha imekamilika. Msanifu wa bustani akishaweka kalamu chini, bustani haijaanza. Wahenga wetu walilijua hilo waliposema kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Katika joto la Ghuba, mche uliosahauliwa siku chache tu haurudi tena, hata kama ramani yake imetundikwa ukutani kwa fremu ya dhahabu.

Jioni ile nilikaa kwenye benchi kando ya maji. Kijana mmoja alinisikia nikizungumza kwa simu, akasubiri nimalize, kisha akasema, “Shikamoo, mama.” Alikuwa mtu wa Tanga. Hakuwa mfanyakazi wa jumba lile. Alikuwa ametunza miti ya barabarani, upande mwingine wa mji, kwa miaka tisa, na mkataba wake ulikuwa unakaribia kwisha. Tulizungumza habari za nyumbani, bei ya mchele, mvua. Nilipomweleza niko wapi, alinielekeza njia moja ya kupita. “Ukipita pale, mama, utaiona miti yangu. Miarobaini, upande wa kushoto. Niliipokea ikiwa mifupi kunizidi kidogo tu.”

Miti yangu. Alilitamka neno hilo bila majivuno wala malalamiko, kama mtu anavyosema mguu wangu. Niliporudi hotelini nilijiuliza kama lilikuwa kweli.

John Locke, mwaka 1689, aliandika kwamba mtu akichanganya kazi yake na kitu cha asili, kitu hicho huwa chake. Kwa kipimo hicho kijana yule alisema kweli. Lakini katika ukurasa uo huo Locke anatoa mfano wa majani yaliyokatwa na mtumishi wake, anayahesabu kuwa mali yake yeye, na wala hasimami kujieleza. Mkono wa mtumishi umeingizwa katika mwili wa bwana. Nadharia iliyoanza kwa kuheshimu kazi inampoteza mfanyakazi baada ya sentensi chache tu.

Sisi tuna msemo unaokwenda njia nyingine: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida tunausema kwa kicheko, kumsuta mgeni mvivu. Naomba tuusikilize tena. Msemo haudai tu kwamba mgeni afanye kazi. Unaeleza pia namna ugeni unavyokoma. Anayepewa jembe siku ya tatu ameingizwa katika hesabu ya nyumba. Anakula alicholima, na akigombana na wenyeji, anagombana nao kama mmoja wao. Mkononi mwake jembe ni mzigo, na vilevile ni kibali cha kuingia.

Sasa tazama msemo huo ukiwa umepinduliwa. Kijana wa Tanga alipewa jembe siku ya kwanza, na miaka tisa baadaye bado ni mgeni. Januari 2021 Falme za Kiarabu zilirekebisha kanuni zake za uraia, zikaruhusu baadhi ya wageni kupendekezwa: wawekezaji, madaktari, wanasayansi, wavumbuzi, wasanii. Aliyebuni anaweza kufikiriwa. Anayemwagilia hamo katika orodha. Sheria, kama Kant, inaihesabu bustani kuwa ya jicho lililoiwaza.

Tusifanye haraka kuinyoshea Dubai kidole. Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku. Uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, ukaenea Unguja na Pemba katika zama za Seyyid Said, na kwa sehemu kubwa waliochimba mashimo, wakapalilia na kuchuma ni watumwa waliotolewa bara. Hali ya kisheria ya utumwa ilifutwa Zanzibar mwaka 1897. Kufikia wakati huo mkarafuu ulikuwa mwenyeji kamili, na hakuna aliyeuuliza kwao wapi. Wajukuu wa waliouotesha waliendelea kuulizwa. Mti ulipata uenyeji kabla ya watu walioulea, na sisi tunaojivunia harufu ya karafuu mara chache tunalikumbuka hilo.

Msomaji anaweza kunijibu kwamba kijana yule hakuwa mtumwa. Alisaini mkataba kwa hiari, akalipwa, na kwa mshahara huo pengine amejenga kwao. Ni kweli, na tofauti hiyo ni kubwa; anayeifuta anawadhulumu watumwa na wafanyakazi kwa pamoja. Wala sidai kwamba kila anayeshika mpira wa maji apewe pasi ya kusafiria. Ninachodai ni kwamba mshahara hulipa saa, na kulea si saa tu. Anayelea hujenga ujuzi wa kitu kimoja mahususi: mti huu huinamia upepo, ule hunyauka mapema. Ujuzi huo hauhamishiki wala hauna soko, na ndio unaolifanya neno “yangu” kuwa kweli. Jamii inayoupokea ujuzi huo miaka tisa, kisha ikahesabu kwamba haidaiwi chochote, imekosea hesabu. Deni laweza kulipwa kwa njia nyingi: haki ya kukaa inayokua kadiri miaka inavyokua, jina kuandikwa mahali, au walau kuulizwa shauri mti unapougua. Kinachokatazwa na msemo wetu ni kumpa mtu jembe na kumnyima nyumba, kisha tukajisifu kwa ukarimu.

Na hapa hoja inanirudia mwenyewe. Ukurasa wa shukrani katika tasnifu yangu una majina ya wasimamizi, wafadhili, wakutubi na marafiki. Kwa miaka minne meza yangu ilitazama bustani ya chuo, na kila asubuhi mzee mmoja aliyezoa majani alinipungia mkono. Utulivu nilioandikia ulikuwa kazi yake. Hayumo katika ukurasa ule, kwa sababu sikuwahi kumwuliza jina. Niliandika kurasa mia tatu juu ya uzuri huku nikimtazama dirishani.

Kijana wa Tanga nilimwuliza jina na namba, na nitayahifadhi. Mwaka uliofuata nilipita tena Dubai, naye alikuwa ameshatoka mkataba na kurejea kwao. Nilikwenda barabara ile, nikaipiga picha miarobaini ya upande wa kushoto, mirefu sasa, yenye kivuli cha kutosha watu wanne. Nilimtumia, nikitarajia shukrani au huzuni. Jibu lilikuja baada ya dakika chache.

“Asante, mama. Huo wa tatu wameukata vibaya. Waambie wasiuguse tena mpaka joto lipungue.”

Sikujua nimwambie nani.