Jina Lisilokuwa Kwenye Tanzia

Tanzia zetu Wakenya zina mpangilio wake: mama mpendwa wa fulani wa Nairobi na fulani wa Marekani, mama mkwe wa fulani, nyanya wa wengi. Ukiisoma unajua marehemu alizaa nani. Nani alimtunza, hiyo haimo.

Mjini Voi tulimzika jirani yetu, mama mzee aliyeuzia abiria chai na mahamri hadi treni ya zamani ilipokoma mwaka wa 2017. Tanzia ilitaja watoto 4, wakwe na wajukuu 9. Haikumtaja msichana aliyeletwa kuosha vyombo kwa mwezi mmoja, akakaa miaka 11. Huyo ndiye aliyemgeuza kitandani usiku ili asipate vidonda. Alimwita Nyanya, naye akaitwa mwanangu. Ndiye aliyemfumba macho. Siku ya mazishi alikuwa jikoni akipakua pilau.

Nilipouliza, nikajibiwa: "Kwani si alikuwa analipwa?"

Hebu tulipime jibu hilo. Mchungaji naye hupewa bahasha, na jina lake limo kwenye ratiba. Daktari hulipwa, na bado hushukuriwa hadharani. Kwa hivyo malipo hayafuti heshima. Yanaifuta tu kwa wale ambao tayari tumewaweka jikoni.

Sisemi watoto walikuwa wabaya. Kila mwezi M-Pesa iliingia: mshahara, nepi, dawa za presha. Bila pesa hizo, huyo msichana angemtunza na nini? Kutuma pesa pia ni kutunza, na anayefanya kazi mbali asitukanwe kwa kuwa mbali. Lakini mtumaji ametajwa na mgeuzaji hakutajwa. Shida yangu iko hapo.

Sheria nayo haitusaidii sana. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa mzee haki ya kutunzwa na familia yake na serikali, lakini hakisemi ni nani hasa ndani ya familia atakayeamka usiku. Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 29, inamtambua mtoto ambaye marehemu alimchukua kama wake, iwapo marehemu ndiye aliyekuwa akimkimu. Yaani inauliza marehemu alimlisha nani. Haiulizi nani alimlisha marehemu.

Na sisi wenyewe tunasema undugu ni kufaana, si kufanana. Tunausema harusini, tunausema kwenye harambee. Ikifika siku ya kuandika tanzia, tunarudi kutafuta wanaofanana.

Nadhani tunaogopa. Kumtaja aliyekuwepo ni kukiri kwamba sisi hatukuwepo, na mazishini kila mtu anataka kuonekana alikuwepo. Lakini hofu yetu haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mwingine haki yake ya kuomboleza. Yule msichana alifiwa. Kesho yake alifungasha nguo zake akatafute kazi nyingine, na hakuna aliyempa pole.

Sidai apewe shamba. Nadai mstari mmoja kwenye tanzia, kiti kwenye hema pamoja na wafiwa, na zamu ya kutupa udongo kaburini. Mwenye kuandika tanzia wiki hii, kabla hujaipeleka kuchapishwa, uliza kwanza: usiku nani alikuwa anaamka?