Mfungwa Aliyesema Kweli

Katika 1 Wafalme 22 twasoma habari za Mikaya, nabii aliyetiwa gerezani kwa sababu hakutaka kumwambia Ahabu maneno ya kumpendeza. Ahabu akaenda vitani, wala hakurudi hai. Basi hatujui angalimtendea nini Mikaya kama angalirudi ameshindwa. Lakini habari za kale za Uchina zatuonyesha mtu aliyerudi.

Mwaka 200 baada ya kuzaliwa Bwana wetu, wakuu wawili walipigana huko Guandu, kusini ya Mto wa Manjano. Yuan Shao alikuwa na jeshi kubwa. Cao Cao alikuwa na watu wachache, na chakula chake kilikuwa karibu kwisha. Kabla ya vita mshauri mmoja, Tian Feng, alimsihi Yuan Shao asifanye haraka, bali ashike ngome zake na kumsumbua adui huku na huku, hata achoke. Yuan Shao akakasirika, akamtia minyororo, kwamba awavunja askari moyo.

Vita vilipokuwa vikali, mshauri mwingine, Xu You, akamtoroka Yuan Shao, akamfunulia Cao Cao ya kuwa nafaka imewekwa Wuchao. Usiku Cao Cao akaenda na watu 5,000, wamechukua kuni na bendera za adui, akaiteketeza. Jeshi kubwa likatawanyika. Yuan Shao akavuka mto na wapanda farasi 800 hivi. (Wala Cao Cao tusimsifu mno, maana aliwaua mateka kwa maelfu.)

Watu wakamwambia Tian Feng kwamba sasa ataheshimiwa. Lakini yeye alimjua bwana wake: jeshi lingalishinda, angalipona, sasa atakufa. Ikawa hivyo. Yuan Shao aliona haya kuchekwa na mfungwa wake, akaagiza auawe.

Tazameni, ninyi wazee na walimu. Hakuuawa kwa kuwa alikosea, bali kwa kuwa hakukosea. Kumsamehe aliyetukosa twafundishana kila siku. Je, yule aliyetuonya tukamdharau, kisha mambo yakawa kama alivyosema? Huyo ndiye tusiyependa kukutana naye mlangoni pa kanisa. Yuan Shao alikuwa na jambo moja tu la kufanya: kwenda gerezani, kuufungua mlango, na kusema, Ulisema kweli. Lilimshinda kuliko vita.

Alikufa mwaka 202. Wanawe wakagombania urithi wake, na nchi yao yote ikamwangukia Cao Cao.